Mkono wa Kushoto

Nauweka katika mfuko wa sweta, pamoja na funguo,
utepe mwembamba kama ulimi wa kinyonga,
rangi tatu: kijani, njano, nyekundu.
Asubuhi ya Chavakali ina baridi ya kuuma masikio,
mawe ya kilimani hayajavua ukungu,
nami nashuka na daftari kwapani,
nikihesabu nyumba kwa vilio vya watoto.

Kwa Khasandi mlango u wazi.
Anapepeta mahindi, tumbo limetangulia ungo.
"Nipe mkono wa kushoto," namwambia. Anacheka:
"Huo ndio wa kubebea maji.
Pima wa kulia, mvivu huyu, huenda amenona."
Tunacheka wote wawili.
Kisha utepe unakutana na mwanzo wake
na kicheko kinakatika kama uzi mbovu.
Njano.
Njano inayochungulia nyekundu.

Namwandikia kikaratasi: Alhamisi, zahanati,
pakiti mbili za unga,
soya na mahindi na vitu vidogo visivyoonekana
ambavyo muuguzi huvitaja mbiombio kama anayekariri.
Kanuni naijua: unga huu ni wa mama, si wa kugawa.
Nimeisema hata inateleza yenyewe ulimini.

Lakini mwezi uliopita nilipita pale jioni.
Sufuria ilikuwa imeanza kunong'ona.
Watoto wanne hawakuomba kitu.
Walikaa tu, wamekaa vizuri mno,
macho yakifuata mwiko,
kulia, kushoto, kulia.
Nani aliyezaliwa na mwanamke angekunywa peke yake
mbele ya adabu kama ile?
Pakiti ya kwanza ililala siku mbili.
Bakuli la Khasandi lilikuwa la mwisho,
akalijaza kwa kukwangua.

Waliopiga hesabu walipiga ya mtu mmoja, siku thelathini.
Hesabu yao ni sahihi.
Hawakupiga hodi tu.

Kwa Minayo namkuta nyanya na mjukuu, miezi tisa,
chai ya rangi ndani ya chupa.
Nasema niliyofundishwa: saga omena, chekecha,
tia kwenye uji; ponda mboga, ongeza yai.
"Yai?" ananiuliza, bila ubaya.
"Yai ndilo sabuni. Yai ndilo mafuta ya taa.
Nikimlisha yai, nitamwogesha na nini?"
Kuku anapita katikati yetu
kama mtu mwenye cheo.
Daftari lina safu ya jibu langu.
Naandika: *Ameelimishwa.*

Usiku.
Watu wa nyumbani wamelala, taa ya jua inafifia.
Nina siri ya miezi mitano
ambayo mshipi wa sketi pekee ndio unaijua.
Nimetembea nyumba kumi na saba leo
kwa kikombe kimoja na nusu ya kiazi.
Natoa utepe. Nauma ncha moja kwa meno,
nauzungusha, nauvuta.
Siisogezi taa.
Nasikiliza kwanza mvua ikijaribu mabati.
Kisha naisogeza.

Ni ajabu, rangi uliyoiona kwa wenzako mia
inavyokuwa mpya kwenye ngozi yako.

Nafungua daftari ukurasa wa leo.
Aliyepimwa: Kageha.
Aliyepima: Kageha.
Mwandiko mmoja, safu mbili,
na kwenye maoni sijui niandike nini.
Ameelimishwa?
Naacha wazi.

Alhamisi nitapanga foleni nyuma ya Khasandi.
Najua atageuka.
Atautazama mkono wangu, kikaratasi changu,
atanyamaza kidogo, halafu aseme:
"Huo nao
ndio wa kubebea daftari."